Bajia za panir zinalainika, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada. Panir, ile jibini ya Kihindi, natengeneza mwenyewe, maziwa lita 2 yakichemka nakamulia ndimu, yakikatika nachuja na kitambaa nagandamizia sufuria la maji juu, inatoka nzuri kabisa. Shida kwenye kukaanga jamani, unga wa dengu nachanganya na binzari, pilipili na maji, nikitumbukiza kwenye mafuta rojo linaachia vipande vinabaki uchi, na zinazoshika dakika 5 tu zishalegea kama maandazi ya jana. Nasikia unga wa mchele unasaidia, kikombe 1 cha dengu niweke vijiko vingapi? Au panir niifute maji kwanza? Mama mkwe anakuja Jumamosi na nyama hali, nataka zikauke kau kau.