Kuunda gitaa la besi la kwanza nyumbani kwa bajeti ndogo: nianze na nini?

Mizizi4

Wakuu, habari. Nataka kuunda gitaa la besi la umeme, nyuzi 4, lenye freti (vipande vya chuma vinavyogawa shingo). Nina jigso, drili ya mkono, patasi mbili, tupa na klampu sita. Ruta (mashine ya kuchimbia mbao) sina na sitanunua kwa kazi moja. Naomba msaada kwenye haya:

1. Shingo ninunue au nichonge mwenyewe?
2. Mbao gani kwa bodi? Nina msonobari mkavu, na naweza kupata mkangazi.
3. Bila ruta, nafasi ya kuingizia shingo naichimbaje ikae sawa?
4. Pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) moja inatosha, au lazima mbili?

Sitafuti chombo cha maonyesho. Nataka kinachoshika tuni na kupigika.

Tupa_na_Patasi

Shingo nunua, mkuu. Ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya bajeti, na ndivyo inavyotakiwa. Bodi ikikosewa kidogo gitaa linakuwa baya kwa macho tu, ila shingo ikikosewa gitaa halipigiki. Kuichonga kunadai nondo ya chuma ya kunyooshea shingo ndani yake, waya wa freti, msumeno wa kukatia mifereji yenye upana wa milimita 0.6 hivi, na kifaa cha kusawazishia vichwa vya freti. Jumlisha vyote hivyo, utakuta shingo iliyokamilika ni nafuu zaidi.

Tafuta ya skeli (urefu wa uzi unaotetemeka) ya inchi 34, yaani milimita 864. Ndicho kipimo cha gitaa la besi la Fender Precision tangu 1951, na vipuri vingi vimepimwa kwa ajili yake. Shingo za namna hiyo huwa na kisigino (mwisho unaoingia kwenye bodi) chenye upana wa karibu milimita 63 na unene wa karibu 25. Nasema karibu, kwa hiyo usikate chochote kwenye bodi kabla shingo haijafika mkononi. Ikifika, pima kwa kalipa, kisha ichungulie kutoka kisigino kuelekea kichwani kama unavyochungulia ubao kabla ya kupiga randa. Shingo iliyopinda kwa mbele nondo itainyoosha. Iliyojisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha siku hiyohiyo, maana nondo haiwezi msokoto.

Ruta wala huihitaji ukijenga bodi kwa tabaka mbili: la chini milimita 28, la juu 16, jumla 44. Unene wa kawaida wa bodi ni 44 au 45, kwa hiyo uko palepale. Nafasi ya shingo kwa kawaida huwa na kina cha milimita 16, basi unaikata kwa jigso kwenye tabaka la juu peke yake, moja kwa moja hadi chini, kabla ya kugundisha. Ukishagundisha, sakafu yake ni uso wa tabaka la chini ambao tayari umepigwa randa. Hakuna fundi wa patasi atakayekupa sakafu iliyonyooka kuliko hiyo.

Mpangilio wa kazi:

Chora mstari wa katikati kwenye tabaka zote mbili, mbele na nyuma, kwa penseli ngumu, na usiufute hadi siku ya kupaka rangi. Vipimo vyote vya upana vipime kutoka mstari huo, usipime kutoka ukingo wa bodi, kwa sababu ukingo utabadilika kila ukisugua.

Kata nafasi ya shingo ndani ya mstari kwa milimita 1, halafu malizia kwa tupa na msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Jaribu shingo kila baada ya misuguo michache. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa na mkono na isicheze kushoto wala kulia. Ila usiifanye ibane mno: rangi au vanishi itaongeza unene kila upande, na ukilazimisha baadaye pembe ya bodi itapasuka.

Kabla ya gundi, toboa matundu mawili ya vijiti vya milimita 8 kupitia tabaka zote mbili, sehemu zitakazofunikwa na daraja (chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi) au bamba la mbele. Gundi mbichi huteleza ukikaza klampu, na vijiti ndivyo vitakavyozuia tabaka kuhama. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Klampu sita ni chache, kwa hiyo weka vipande vya mbao nene juu na chini ili visambaze mbano. Acha saa 24.

Umbo la nje likate milimita 3 nje ya mstari. Kwenye unene wa 44 bledi ya jigso hupinda ndani ya kona, na upande wa chini unatoka tofauti na wa juu. Hizo milimita 3 ni za kusahihishia hilo.

Solda60_40

Kwenye swali la mbao sina maneno mengi. Gitaa la umeme sauti yake inaamuliwa zaidi na nyuzi, pikapu na mahali pikapu ilipokaa. Wapo watakaobisha, wabishe. Kwa mbao angalia mambo matatu: iwe kavu kabisa, iwe na nguvu ya kushika skrubu, na isiwe nzito. Piga hesabu: bodi ya kawaida ni kama lita 4.5 hadi 5 za mbao. Mbao yenye kilo 500 kwa mita ya ujazo inakupa kilo 2.5 hivi, yenye 700 inakaribia 3.5, na hapo hujaongeza shingo na vyuma. Msonobari ni mwepesi na unafaa, lakini hubonyea kwa ukucha na skrubu hulegea ukifungua na kufunga mara nyingi. Ukiweka msonobari chini na mkangazi juu utakuwa umepata vyote viwili.

Pikapu: moja, ile ya nusu mbili zilizopishana iliyoingia kwenye Precision mwaka 1957. Nusu moja inashika nyuzi za E na A, nyingine D na G. Koili zake mbili zimezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, kwa hiyo mvumo wa umeme unajifuta wenyewe. Kwa anayejenga mara ya kwanza bila uzoefu wa kukinga waya, hiyo ni faida kubwa. Iweke katikati yake ikiwa karibu sentimita 14 kutoka kwenye vitandiko vya daraja (vipande vinavyobeba nyuzi). Ukiisogeza kuelekea daraja sauti inakuwa kavu na ya kukwaruza, ukiisogeza kuelekea shingo inakuwa nzito na butu.

Vifaa vya umeme ni vichache: potenshiometa 2 (vidhibiti vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kimoja cha toni) za kilo-ohm 250 aina ya A, kapasita 1 ya nanofaradi 47, soketi ya jeki ya milimita 6.35, na waya mita moja na nusu.

Uunganishaji: waya moto wa pikapu uende mguu wa pembeni wa potenshiometa ya sauti. Mguu wa kati uende kwenye ncha ya jeki. Mguu wa tatu ulehemu kwenye mgongo wa potenshiometa hiyohiyo, ambao ndio ethi (njia ya ardhi ya umeme). Kwa potenshiometa ya toni, vuta waya kutoka mguu ule ulioingiza pikapu hadi mguu mmoja wa pembeni wa toni, kisha kapasita kutoka mguu wa kati wa toni hadi ethi. Ukikuta sauti inapungua unapozungusha kuongeza, umebadilisha miguu ya pembeni, ibadili tena.

Mgongo wa potenshiometa usugue kwa msasa kabla ya kulehemu, la sivyo risasi itajikusanya kitone juu yake bila kushika. Kifaa cha kulehemu kiwe na wati 40 au zaidi. Chenye wati 15 kitakulazimisha ushikilie kwa muda mrefu, na joto hilo ndilo linaloua potenshiometa.

Waya mmoja unaosahaulika: kutoka ethi hadi chini ya daraja. Toboa tundu jembamba kutoka chumba cha potenshiometa hadi mahali daraja litakapokaa, pitisha waya uliomenywa, na daraja likifungwa linaukandamiza.

Mizizi4

Shukrani sana wakuu. Mawili yanabaki. Daraja nalipimia wapi hasa, na chumba cha potenshiometa nakifanyaje bila ruta? Halafu kuna mtu kanishauri niinamishe shingo kidogo kwa nyuma kama magitaa mengine.

Tupa_na_Patasi

Usiinamishe. Kisigino cha 25 ukitoa kina cha 16, ubao wa freti unasimama milimita 9 juu ya bodi. Ongeza freti milimita 1 na mwinuko wa nyuzi, unakuta kwenye daraja nyuzi zinatakiwa ziwe milimita 13 au 14 juu ya bodi. Angalia daraja unalonunua kama vitandiko vyake vinafika kimo hicho na kushuka chini yake kidogo. Vikifika, shingo inakaa tambarare na hesabu imekwisha.

Chumba cha potenshiometa kikate kwa jigso kupitia tabaka zote mbili. Mbele kifunike na bamba la plastiki la milimita 2 hadi 3, ambalo ndilo litakaloshika potenshiometa, nyuma na plaiwudi nyembamba. Usikate kwenye mbao nzima halafu ukategemea shingo ya potenshiometa ipenye, kwa sababu ni fupi na haivuki milimita 16.

Daraja ndilo la mwisho kutobolewa. Funga shingo kwanza. Matundu ya bodi yawe mapana kiasi skrubu ipite bila kung'ata, kama milimita 5 kwa skrubu ya 4.2, na matundu ya kwenye shingo yawe 3.2. Meno ya skrubu yakishika bodi, shingo haitavutwa chini hata ukaze vipi: utabaki mwanya usioonekana, na tuni itakuwa inahama. Paka skrubu sabuni kavu au nta.

Sasa pima kutoka kizingiti cha nyuzi pale kichwani hadi katikati ya freti ya 12, na zidisha mara mbili. Usiamini namba ya dukani, pima. Kwa skeli ya 864 utapata karibu 431.8 mara mbili. Sogeza kitandiko cha uzi wa G mbele, ubakize milimita 2 au 3 za kusogea, na kiweke juu ya alama hiyo. Vingine vitarudi nyuma, cha E zaidi ya vyote, hata milimita 5, kwa sababu uzi mnene ukibonyezwa hupanda sauti zaidi.

Kwa upande wa kushoto na kulia usitumie rula. Funga uzi wa kushonea kutoka mfereji wa E na wa G hadi kwenye daraja, bandika daraja kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na lisogeze mpaka nafasi kati ya uzi na ukingo wa ubao wa freti iwe sawa pande zote mbili kwenye freti ya mwisho. Hapo toboa.

NyuziNene

Naongeza yanayojitokeza baada ya kuunganisha, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Nyuzi za unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi) zikivutwa hadi tuni zinabeba takriban kilo 80 kwa pamoja. Kwa hiyo zitune, liache gitaa siku nzima, ndipo uanze marekebisho. Ukirekebisha saa ileile utarudia kesho. Utaratibu: nondo kwanza, kisha kizingiti, kimo cha nyuzi, mwishowe vitandiko.

Nondo: bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho, angalia mwanya kwenye freti ya 8. Lenga milimita 0.3. Zungusha robo duara, tuni upya, pima tena. Kizingiti: bonyeza freti ya 3, uzi uwe karibu ugusane na freti ya 1, mwanya wa milimita 0.2 unatosha. Kimo kwenye freti ya 12: milimita 2 kwa G, 2.5 kwa E. Ukienda chini zaidi kwenye shingo ya bei ndogo, freti zitaanza kulia.

Vitandiko: linganisha sauti ya uzi ulioguswa tu juu ya freti ya 12 na ulioubonyeza hapohapo. Uliobonyezwa ukiwa juu, rudisha kitandiko nyuma.

Mvumo nao unasema tatizo liko wapi. Ukishika nyuzi ukapungua, ethi ni nzima ila vyumba havijakingwa: bandika ukanda wa shaba ndani na uunganishe na ethi. Nyuzi hazibadilishi kitu lakini ukishika chuma cha jeki unapungua, waya wa daraja umekatika. Ukishika nyuzi ukaongezeka, umegeuza waya za jeki.

Kuhusu umbo: pembe ya juu inayoshika mkanda ifike usawa wa freti ya 12. Ukiifupisha kwa ajili ya urembo, kichwa kitazama kila ukiachia mkono, kwa sababu mashine nne za kutuni ni chuma kizito mwishoni mwa shingo ndefu.

Mizizi4

Mashine za kutuni zimekuja na bushi (pete za kuingia kwenye matundu ya kichwa) za milimita 14, na kichwa cha shingo kimetobolewa 17.5. Nijaze na gundi?

NyuziNene

Hapana, gundi pekee itabanduka. Tengeneza vijiti vya mbao ngumu vya 17.5, vigundishe ndani ya matundu, na baada ya saa 24 toboa upya kutokea mbele, ukiweka kipande cha mbao nyuma ili kisipasuke drili inapotokea. Kama mashine zinaweza kurudishwa, zirudishe uchukue kubwa, itakuokolea jioni nzima.

Solda60_40

Na ukimalizia kwa mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke au vitie ndani ya maji. Usivikunje ukavitupa kwenye pipa: vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.