Kichocho na saratani ya kibofu: niwaelezeje wanafunzi na watu wa mwaloni?

Kapu la Samaki: Wakuu, nina vipindi viwili, kimoja kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kingine mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza. Slaidi yangu kuu inasema: "Kichocho kipo Kundi la 1 la visababishi vya saratani, sawa na sigara." Nahofia mwaloni watatoka wakiamini kila anayeoga ziwani ana kansa.

Bulinus: Ifute. Makundi ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Kuwemo kundi moja na sigara maana yake ni kwamba usababishaji umethibitishwa, basi.

Halafu, kichocho kipi? Mwaka 1994 IARC waliweka *Schistosoma haematobium*, minyoo wa kichocho cha mkojo, Kundi la 1, na *mansoni* Kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuamua. Ufukweni mwa Ziwa Victoria kinachotawala ni *mansoni*, kichocho cha tumbo, kinachobebwa na konokono wa *Biomphalaria*. Hicho hushambulia ini na wengu, na mgonjwa aliyechelewa anaweza kutapika damu. Cha mkojo hupatikana zaidi bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kama wilaya za Misungwi na Kwimba. Ukiwatisha watu wa mwaloni kwa saratani ya kibofu, umewapa hofu ya minyoo wengine. Ila waulize walikulia wapi: aliyechezea malambo utotoni, ujumbe wa kibofu unamhusu hata kama leo anavua sangara.

Darubini: Kwa wanafunzi, fuata mnyororo. Mayai (si minyoo yenyewe) hunasa kwenye ukuta wa kibofu, uvimbe unakuwa sugu miaka mingi, ndipo saratani ya seli bapa inaweza kutokea. Waoneshe pia kwamba saratani ya kibofu inayohusishwa na sigara kwa kawaida huanzia kwenye seli za utando wa njia ya mkojo. Hapo ndipo "sawa na sigara" inapobomoka!

Na "hatari mara mbili" usiitamke peke yake. Mfano wa kubuni: kutoka mtu 1 kwa 1,000 hadi 2 kwa 1,000 ni mara mbili, na 998 bado hawana.

Kapu la Samaki: Wakiuliza kama dawa inamaliza kansa?

Bulinus: Hapana. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo waliokomaa, wachanga hustahimili, na saratani haiigusi. Mtu mzima anayekojoa damu asiishie kumeza vidonge; apigwe ultrasaundi, na ikibidi kibofu kiangaliwe kwa kamera.

Darubini: Mkitaka kupima kichocho cha mkojo papo hapo, mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, matone ya mwisho yawemo, maana mayai huwa mengi wakati huo. Wanawake waulizwe hedhi kwanza, la sivyo karatasi ya kipimo itaonesha damu isiyotoka kwenye kibofu.