Madini ghafi ya Songwe: tunamuuzia mteja au hasimu wa kesho?

Mwanasongwe: Wakuu, pale kwenye mradi wa Ngualla, hapa Songwe, kuna madini ya neodimiamu, ile ya sumaku za magari ya umeme na za makombora. Serikali ina asilimia 16 ya mradi. Ila mwaka 2025 kampuni ya Shenghe ya China ikamnunua mbia wetu Mwaustralia. Mnunuzi ni huyohuyo, msafishaji ni huyohuyo. Siku tukikosana naye, tunampelekea nani? Mimi naona hili ni suala la usalama wa taifa, mrabaha ni hoja ndogo.

Kibuyu: Hasimu wa nani? Mchina katujengea TAZARA wakati hao rafiki zenu walikataa. Leo Washington wakikohoa na nyie mnapiga chafya.

BintiUyole: Hakuna aliyesema adui, soma vizuri. Aprili 2025 China ilibana vibali vya kuuza sumaku nje, Mei Ford wakafunga kiwanda chao cha Chicago wiki nzima. Hao ni Wamarekani, wana hela. Sisi je? Tatizo huko nyumbani hamfuatilii mambo.

Kibuyu: "Huko nyumbani"! Wabeba maboksi wa ughaibuni bwana. Kazoe theluji kwanza, ndipo uje utufundishe usalama wa taifa.

BintiUyole: Boksi hilohilo linasomesha watoto wa kaka yangu Mbeya. Wewe umeshawahi kugusa madini gani zaidi ya kokoto?

Kibuyu: Dada, 2017 kontena 300 za makinikia, ule mchanga wa dhahabu na shaba, zimezuiwa Dar, mimi nilikuwa bandarini nafanya klia. Usinijaribu.

Mzee wa Kahama: Zilikuwa 277. Na tuliahidiwa kinu cha kuyeyushia. Tukapewa Twiga, kampuni ya ubia na Barrick, na dola milioni 300, na 2020 mchanga ukapanda meli tena. Kinu sijakiona.

Kibuyu: 277 na 300 tofauti yake nini mzee wangu?

Mzee wa Kahama: Kontena 23, mwanangu. Ndiyo maana tunaibiwa.

SukaTunduma: 😂😂 Mzee kaua. Mimi napakia Kolwezi, Kongo. Kobalti, madini ya betri, inakuja kwenye mabegi makubwa, lori likifungwa sili hugusi mpaka Dar. Februari 2025 Kinshasa wakazuia, sisi tukabaki na shaba tu. Oktoba wakaleta mgao, kila kampuni na kiasi chake. Mkongo kambania Mchina na bei ikapanda. Kumbe inawezekana.

Lushois: Ndugu, bei ilipanda kweli, lakini migodi mingi ni ya Wachina na kusafisha ni kwao. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga. Mtu wa hapa aliulizwa? Msitupigie makofi mapema.

Mwanasongwe: Asante Lushois, hapo ndipo nilipotaka tufike. Indonesia walizuia nikeli ghafi 2020, vinu vikajengwa kwao, ila wenye vinu ni Wachina. Je, kinu kikiwa Songwe lakini si chetu, tumepona?

Kibuyu: Umeme wa kinu utatoa wapi, Songwe hiyohiyo inayokatika kila siku?

BintiUyole: Bwawa la Nyerere megawati 2,115 ni la kufugia samaki?

Kibuyu: Rudi uje uishi nao huo umeme basi.

BintiUyole: Nitumie nauli.

SukaTunduma: Wakuu, foleni ya mpakani Tunduma usiku huu imefika wapi? Niko Nakonde.