Uzee ukikukuta ughaibuni: tupeane uzoefu

Bondeni, Nakuru
Wadau, waliotoka hapa kwetu kwenda kulea wazee wa Uingereza na Marekani, sasa ni wao wanaokaribia kulelewa. Naomba tuweke hapa ya kufanya mapema: pensheni, makaratasi, tiba, kubaki au kurudi. Hadithi za maisha tuziache kwa siku nyingine. Leta tarakimu, leta hatua, sema panapoharibika.

Kakamega
Naanza na Uingereza. Kule kinachohesabiwa ni miaka. Ukiwa na chini ya miaka 10 ya michango ya National Insurance (bima ya jamii inayokatwa kwenye mshahara), kwa kawaida hupati kitu. Miaka 35 ndiyo pensheni nzima kwa aliyeanza kuchangia baada ya Aprili 2016, na kwa mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Ukiwa na 20, unapata mafungu 20 kati ya 35. Umri wa kuipokea ulikuwa 66 hadi 2026, na kati ya 2026 na 2028 unapanda polepole hadi 67.

Shimo kubwa ni la wenye vibarua viwili vitatu. Mshahara unaofanya mwaka uhesabiwe (ulikuwa pauni 125 kwa wiki kwa 2025/26) hupimwa kwa kila mwajiri peke yake. Anayepata 110 kwa huyu na 110 kwa yule ana 220 mfukoni, lakini kwenye rekodi ya pensheni ni kama alikuwa amelala. Afadhali kuomba zamu moja zaidi kwa mwajiri mmoja kuliko kutafuta wa tatu.

Fungua rekodi yako mtandaoni uisome mwaka baada ya mwaka, usiangalie jumla tu. Mwaka wenye pengo unaweza kulipiwa kwa hiari, kwa kawaida ndani ya miaka 6 iliyopita. Uliza kwanza kama mwaka huo utaongeza chochote, maana waliochangia kabla ya 2016 wakati mwingine hulipa bila kuongezewa chochote.

Kondele, Kisumu
Wa Kakamega umesema vizuri ila umeruka mwiba. Kenya haimo kati ya nchi ambazo Uingereza huwaongezea wastaafu pensheni kila Aprili. Aliyeanza kuipokea akiwa huku mwaka wa 2016 kwa pauni 155.65 bado anapata 155.65, na mwenzake aliyebaki kule alikuwa amefika 230.25 mwaka wa 2025/26. Ukienda kutembea unalipwa kiwango cha sasa kwa muda wa ziara, ukirudi inashuka palepale. Basi anayerudi na miaka 67 apige hesabu ya pesa isiyopanda kwa miaka ishirini ya bei za soko la Kibuye.

Nyongeza za wazee, yaani Pension Credit na Attendance Allowance, ukihamia huku hazikufuati. Halafu kuna ile fomu ya kuthibitisha kwamba bado u hai: inakuja kwa posta, inasainiwa mbele ya shahidi, inarudishwa. Ikilala miezi kwenye sanduku la posta la shule ya msingi, malipo yanasimama. Kodisha sanduku lako mwenyewe. Na mwenye ukaazi wa kudumu bila uraia, akikaa nje kupita miaka 2 mfululizo, ukaazi unakufa.

Bungoma
Marekani pensheni ya serikali (Social Security) hutaka alama 40 za kazi, zisizozidi 4 kwa mwaka, kwa hiyo miaka 10 ya kazi. Unaweza kuanza kupokea ukiwa na 62, lakini kiasi hupunguzwa maisha yako yote. Aliyezaliwa 1960 au baadaye hupata kamili akifika 67. Kazi ya kulipwa mkononi bila kukatwa kodi haileti alama hata moja. Miaka ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya) haiunganishwi na ya kule, Kenya na Marekani hazina mkataba huo. Medicare, bima ya afya ya wazee wa Marekani, hailipi hospitali za Kenya. Mwenye green card (ukaazi wa kudumu wa Marekani) asikae huku zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea, na kibali huombwa kabla ya kuondoka.

Kisumu Ndogo, Nakuru
Ghuba hakuna kuzeekea, viza imefungwa kwenye kazi. Kinachobaki ni kiinua mgongo. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inatoa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha siku 30. Tazama hilo neno "msingi": mkataba wa dirhamu 1,500 ambao 700 ni posho unahesabiwa kwa 800. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, wasitumie hesabu hii.

Milimani, Kisumu
Upande wa afya. Anayerudi ziwani ajue kinga yake ya malaria ilipungua kule kusiko na ugonjwa. Wazee hujiona wenyeji, wanakataa neti, na hao ndio hulazwa. Homa ipimwe siku hiyohiyo. Insulini isiyofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua. Chungu cha udongo kilicholoweshwa husaidia ile inayotumika, lakini hakichukui nafasi ya friji. Ukijenga, milango iwe ya sentimita 90 na chumba cha kulala kiwe chini. Ghorofa ni za picha.

Anayebaki kule: maradhi ya kusahau yakianza, kwa wengi lugha waliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka. Mzee anarudi kwenye Kimaragoli au Dholuo, na wauguzi wanaandika "amechanganyikiwa". Mpango wake wa matunzo uandikwe mapema: lugha yake, jina analoitwa nyumbani, na maneno kama kumi kwa matamshi (maumivu, maji, choo, baridi). Na kwamba ugali huliwa kwa mkono, asipewe uma akaonekana ameshindwa kula.

Siaya
Niongeze la dala, yaani boma la nyumbani. Aliyechukua uraia wa nje kabla ya Katiba ya 27 Agosti 2010 aliupoteza wa Kenya, na haurudi wenyewe, lazima auombe. Bila hivyo, kikatiba anaruhusiwa ardhi ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99, na hapo ndipo mgogoro wa shamba la baba huanzia. Akifia Uingereza na mwili unakuja, afisa wa uchunguzi wa vifo wa eneo lile apewe taarifa siku 4 kabla ya safari. Familia nyingi hukata tiketi kwanza.