MJADALA: Programu ya barua pepe ina sababu gani ya kushika ufunguo wa hifadhi yako yote ya wingu?

Mleta mada

Wakuu, programu nyingi za barua pepe za simu zina kitufe cha kuongeza akaunti ya hifadhi. Unachagua Google Drive, Dropbox, OneDrive au Box, unaingia, unabonyeza Ruhusu, na tangu hapo unaambatisha nyaraka bila kutoka kwenye barua. Ni rahisi, sikatai. Lakini isome ile skrini ya ruhusa kabla kidole hakijashuka. Kwenye Google Drive, mstari wa kukushtua ni ule unaosema programu itaweza kuona, kuhariri, kuunda na kufuta faili zako zote. Kufuta! Programu ya kutuma barua inataka kufuta nini kwenye hifadhi ya mtu?

Hoja yangu: maduka ya programu yakatae programu yoyote ya barua inayoomba hifadhi nzima. Mtu anatuma faili moja, basi iombwe faili moja.

Na hatari haiishii siku uliyobonyeza. Kwa utaratibu wa OAuth 2.0, yaani ule wa kuipa programu ruhusa kupitia kitufe cha Ruhusu, ambao umekuwa kanuni rasmi tangu 2012, nenosiri lako haliendi kwa programu. Badala yake programu inapewa tokeni mbili, yaani funguo za kidijitali za kuingilia kwenye hifadhi. Ya kwanza ni ya muda mfupi, kwa Google ni kama saa 1. Ya pili kazi yake ni kuomba mpya kila ile ya kwanza inapokwisha muda, na hiyo hudumu mpaka uifute, au ikae miezi 6 bila kutumika. Watu wakishtuka hubadilisha nenosiri wakidhani mlango umefungwa. Kwa Google, kubadilisha nenosiri kunaua tokeni zenye ruhusa ya Gmail. Tokeni yenye ruhusa ya Drive peke yake inaendelea kama hakuna kilichotokea.

Mtengeneza programu

Mkuu, ukisema "hifadhi nzima" unachanganya vitu viwili. Ruhusa zina viwango. Google wana inayoitwa drive.file, ambayo programu inaona faili ilizoziunda yenyewe na zile ulizozifungua kupitia hiyo programu tu. Dropbox nao wanamwachia mtengenezaji achague kati ya folda moja ya programu na Dropbox yote. Microsoft wana kiwango cha folda ya programu pia.

Shida ni kwamba mtumiaji anataka kuona orodha ya folda zake akiwa ndani ya barua, atafute kwa jina, achague. Kwa drive.file peke yake orodha hiyo haipatikani, inakuja tupu, na malalamiko yanaanza. Ndiyo maana wengi wanaomba ruhusa ya kusoma yote. Lakini Google wanaihesabu hiyo kuwa ruhusa yenye mipaka mikali: kama data inapita kwenye seva za mtengenezaji, lazima akaguliwe usalama na mkaguzi wa nje, na ukaguzi unarudiwa kila mwaka. Kupiga marufuku moja kwa moja kutawaumiza waliokwisha kupita kwenye ukaguzi huo.

Ila hapo kwenye kufuta nakuunga mkono. Kuambatisha kunahitaji kusoma tu. Anayeomba na kuandika, ajieleze.

Msimamizi wa mifumo

Mnajadili ruhusa mkisahau swali la kwanza: tokeni inakaa wapi? Ikikaa ndani ya simu, mwizi anahitaji simu yako. Ikikaa kwenye seva ya mtengenezaji, anahitaji kuvunja seva moja tu na anapata za watu wote kwa pamoja.

Hili si jambo la kubuni. Januari 2015 Microsoft walitoa Outlook ya simu iliyotokana na programu ya Acompli waliyoinunua mwishoni mwa 2014. Seva za kati ndizo zilizokuwa zikichota barua kwa niaba ya mtumiaji, na taarifa za kuingilia zilihifadhiwa huko. Mwezi uliofuata Bunge la Ulaya lilizuia programu hiyo kwa watu wake. Na ndani ya programu hiyohiyo ulikuwepo uwezo wa kuunganisha Dropbox ya mtu binafsi pembeni ya barua za kazini: kiambatisho cha ofisi kinahamia kwenye hifadhi binafsi kwa miguso miwili, na ofisi haina habari.

Jinsi ya kupima bila kusoma kurasa 20 za sera ya faragha: weka programu kwenye simu ya pili, ingia kwa akaunti ya barua peke yake. Hifadhi ulizounganisha kwenye simu ya kwanza zikijitokeza zenyewe, basi kuna uwezekano mkubwa tokeni ziko kwenye seva yao. Kipimo cha pili ni kufungua historia ya kuingia kwenye akaunti yako. Ukikuta anwani ya kituo cha data cha nchi usiyokuwepo, saa ambayo simu ilikuwa imezimwa, kuna mashine inayoingia kwa niaba yako.

Mpinga hoja

Nasoma hapa naona kama mnasahau mbadala wake. Mtu asipounganisha hifadhi anafanya nini? Anapakua nyaraka kwenye simu, zinabaki kwenye folda ya vipakuliwa miaka, kisha anaambatisha faili yenyewe. Faili iliyotumwa hairudi. Kiungo cha hifadhi unaweza kukifunga kesho asubuhi. Halafu kuna ukubwa: Gmail inakomea MB 25, na kiambatisho kikishageuzwa kuwa maandishi ili kisafiri kwenye barua kinavimba kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo faili ya MB 18 inasafiri kama MB 24. Ukizidi hapo huna njia ila hifadhi. Kwa faragha, kiungo ninachoweza kukifunga ni bora kuliko nakala tano zisizofutika.

Mleta mada

Kiungo kinafungika, kweli, kama kilifunguliwa vizuri. Programu nyingi zikituma kiungo zinakiweka kwa "yeyote mwenye kiungo", kwa sababu hazijui kama mpokeaji ana akaunti upande wa pili. Barua ikisambazwa kwa watu wengine, nao wanaingia. Kwa hiyo kabla ya kutuma, gusa kiungo, badilisha kiwe kwa barua pepe ya mpokeaji tu, na kiwe cha kutazama.

Kuhusu mbadala, upo, na haulazimu kuunganisha chochote. Android tangu toleo la 4.4 la 2013 ina kichagua faili cha mfumo wenyewe. iPhone ina programu ya Faili tangu iOS 11 ya 2017. Unagusa alama ya kiambatisho, unachagua kuvinjari faili, unafungua menyu ya pembeni, Drive au Dropbox imo. Unachagua faili, mfumo unaikabidhi programu ya barua faili hiyo moja. Hakuna tokeni iliyotolewa kwa programu ya barua. Hifadhi isipoonekana kwenye menyu, mara nyingi programu yake haijawekwa au hujaingia. Kwa iPhone kuna swichi ya kuiwasha ndani ya Faili.

Gharama yake naisema wazi: faili nzima inashuka kwenye simu, kisha inapanda tena ikiwa imevimba. Faili ya MB 18 inakula zaidi ya MB 40 za bando. Bado naona ni bei ndogo.

Msimamizi wa mifumo

Niongeze moja kwa wanaotegemea uthibitisho wa hatua mbili. Mei 2017 ilisambaa barua iliyoonekana kama mwaliko wa Google Docs. Ukurasa wa kuingia ulikuwa wa Google kweli, ila programu iliyokuwa ikiomba ruhusa ilikuwa ya walaghai, wameipa tu jina la Google Docs. Hatua mbili hazikumlinda mtu, kwa sababu aliyetoa ruhusa ni mwenye akaunti mwenyewe. Kwenye skrini ya ruhusa jina na picha si ushahidi. Gusa jina la programu, tazama barua pepe ya mtengenezaji inayojitokeza.

Mtengeneza programu

Na waliokwisha kuunganisha wasikimbilie kufuta programu kwenye simu. Ukiiondoa, tokeni iliyo kwenye seva haijui kwamba umeiondoa. Anzia upande wa hifadhi. Google: akaunti yako, Usalama, kisha sehemu ya programu za watu wengine, ondoa ufikiaji. Dropbox: mipangilio, programu zilizounganishwa. Microsoft: faragha, ufikiaji wa programu. Hapo tokeni imekufa. Ndipo uondoe akaunti ya hifadhi ndani ya programu ya barua, na ufute data yake ya muda, maana nyaraka ulizozitazama huwa zimebaki humo.

Kilichokwisha kunakiliwa kwenye seva hakifutwi na hatua hizo. Kwa hicho unawaandikia uombe kifutwe, na utunze majibu.

Kuhusu marufuku bado nasimama nilipo, mkuu: ya kufuta na kuandika ipigwe marufuku, ya kusoma ibaki kwa waliokaguliwa.

Mleta mada

Ukaguzi unaangalia kama seva imefungwa vizuri. Hauulizi kwa nini nyaraka zangu zote zinafikika kutoka kwenye seva hiyo. Kichagua faili cha mfumo kipo bure kwenye kila simu ya leo, na mtengenezaji anayekiruka anachagua kushika tokeni. Nijibiwe hapo: ni kazi gani ya barua inayoshindikana kabisa bila ruhusa ya kusoma yote, ukiacha orodha ya kupendeza na bando linalookolewa?