Mrejesho: mwangwi kwenye vikao vya Zoom umekwisha

Wakuu, niliuliza kwa nini wenzetu wa Zoom wanasikia sauti zao zikiwarudia, ilhali sisi ukumbini hatusikii kitu. Mliosema anayelalamika siye mwenye tatizo mlikuwa sahihi: chanzo kilikuwa kwetu. Sauti yao ilitoka kwenye kompyuta, ikaingia miksa (mashine ya kuchanganya sauti) kupitia chaneli ya 5, kisha ikatoka kwenye AUX (njia ya ziada ya kutoa sauti kwenye miksa) inayorudi kompyuta ileile. Nimeshusha AUX ya chaneli hiyo hadi sifuri, mwangwi ukakatika palepale.

Maiki ya mezani bado ilidaka spika kidogo. Tumeigeuza spika ielekee wasikilizaji, si maiki; mwangwi mdogo unaobaki Zoom yenyewe inauchuja.

Aliyenishauri ninunue miksa mpya, samahani mkuu, hela imeishia kwenye soda za kikao.