Koláče za Wacheki: tupeane uzoefu, hasa wa zilizoharibika

Mwanzisha mada (Brno)
Habari zenu wanajamvi. Niko Brno, Jamhuri ya Cheki, mwaka wa nne sasa, nimeolewa huku. Shemeji yangu anaoa mwezi ujao, na kwa mila yao kabla ya harusi mnaoka koláčky, yaani koláče (mikate mitamu ya hamira yenye kijazo katikati) ndogo ndogo, za kutafuna mara mbili imeisha, mnawapelekea ndugu na majirani. Sisi tunasambaza kadi za michango, wenzetu wanakugongea mlango na kitu cha kula. Mama mkwe kanihesabu kwenye wakandaji. Nikajisemea, aliyekulia kwenye maandazi atashindwa nini na unga wa hamira?

Jumamosi nikajaribu peke yangu. Unga nusu kilo, maziwa vuguvugu robo lita, siagi gramu 100, sukari 80, viini viwili vya mayai, chumvi kidogo, ganda la limau la kukwaruza, na nusu ya kile kipande cha hamira mbichi cha gramu 42. Ukaumuka mpaka nikajisifu. Nikakata madonge, nikabonyeza katikati, nikajaza jemu ya plamu ya dukani, nikaweka ovenini nyuzi 180. Dakika ya kumi naona moshi. Jemu imechemka, imemwagika, imegandia kwenye trei kama lami, na koláče zenyewe zimefura katikati, shimo halipo tena. Mume wangu alikula mbili akasema "dobré", nzuri, huku anaitazama trei.

Mliowahi kuzioka, mlianzaje? Mliharibu nini?

Zlín
Pole dada. Salamu kutoka mji wa Bata, yule yule wa viatu vyetu vya shule. Nasoma huku, na nimepanga chumba kwa bibi mmoja upande wa Valašsko.

Kosa lako ni jemu. Ina sukari na maji, ikipata moto lazima ichemke. Wao wanatumia povidla: plamu zilizoiva mpaka zimeanza kusinyaa, zinatolewa kokwa, zinapikwa kwa saa nyingi bila sukari, watu wanakoroga kwa zamu mpaka inakuwa nyeusi na mwiko unasimama wenyewe. Hiyo haimwagiki. Septemba nilipewa zamu yangu, nikatoka dakika tano kupokea simu, ikashika chini. Bibi hakunigombeza. Alinipokonya mwiko kimya kimya, na hapo ndipo paliponiuma.

Hapa koláč yao inaitwa frgál, kubwa kama sinia, sentimita 30 hivi, unga mwembamba na vya juu vingi. Tangu 2013 jina la Valašský frgál linalindwa na Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mtu wa Praha aoke atakavyo ila asiiuze kwa jina hilo. Ya peasi zilizokaushwa ndiyo ya wenyewe. Wewe usihangaike kupika povidla, nunua, ila soma kibandiko. Ukiona sukari imetajwa mwanzoni, rudisha.

Houston
Jemu ni nusu ya tatizo. Hilo la kufura katikati nalijua mimi, nimefanya miaka miwili kwenye duka la mikate hapa Texas, naingia kazini saa nane usiku. Wacheki wamehamia huku tangu karne ya 19, na leo koláče ni kifungua kinywa cha kila mtu.

Ulibonyeza mapema. Donge liache kwanza liumuke tena kwenye trei, ndipo ubonyeze kwa kitako cha glasi uliyoichovya kwenye unga, kwa nguvu, mpaka uhisi trei. Acha ukingo wa upana wa kidole. Toboa katikati kwa uma, jaza, pakaa yai pembeni, oka. Wiki yangu ya kwanza niliogopa kubonyeza, trei nzima ikatoka kama skonzi zenye kofia. Tuligawana wafanyakazi.

Matunda mabichi pia yana maji. Sisi tulichemsha aprikoti kavu tukaziponda.

Halafu huku watu wanaita kolache hata ile yenye soseji ndani. Mzee mmoja mteja, Mcheki wa damu, alinisahihisha kila asubuhi: ile ni klobasnek! Na hela anatoa.

Dubai
Mimi nafanya kazi kwa familia ya Kicheki. Mama alitamani za mák, zile mbegu za buluu za mmea unaotoa afyuni, Wacheki wanazisaga na kuzipika na maziwa. Ndugu zangu mnaosafiri, Imarati ni marufuku, msithubutu kuweka hata pakiti moja kwenye begi. Tukaweka tende za kuponda na mdalasini. Watoto wakasema hizi si koláče. Sinia likaisha.

Swali: ile ramu wanayochanganya na siagi ya kupakaa zikitoka motoni, ni lazima?

Zlín
Si lazima. Siagi na vanila vinatosha. Bibi atanuna, lakini hayupo Dubai.

Lushoto
Mwanangu wa Brno, nilisoma Praha miaka ya themanini, nikarudi na hamu ya koláče tu. Tvaroh yao, ile jibini laini ya maziwa ya mgando, sikuipata, nikawa naning'iniza mtindi kwenye kitambaa usiku kucha, asubuhi nachanganya na kiini cha yai, sukari na zabibu kavu. Zinakaribiana sana. Plamu tunazo hapa Lushoto. Ukitumia mbichi, kata nusu, ganda chini, uso juu, ili maji yabaki kwenye kikombe chake, na chini yake nyunyiza chenga za mkate mkavu zinyonye. Juu mwagia posypka: siagi gramu 50, sukari 50, unga 100, fikicha kwa vidole.

Za kwanza nilioka kwenye sufuria, makaa chini na juu ya kifuniko. Juu zikaungua, chini mbichi. Makaa ya chini yalikuwa yameshazimika, mimi nasoma gazeti.

Mwanzisha mada (Brno)
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Jana nimerudia: povidla isiyo na sukari, glasi, posypka. Hakuna iliyomwagika. Mama mkwe akapita, akachukua moja, akaigeuza kuangalia chini kabla ya kuionja. Akatafuna. Akauliza nimetumia glasi gani, nikamwonyesha. Akafungua kabati, akanipa ya kwake, ndogo, ya kunywea pombe kali.

Hesabu ya harusi ni mia nne. Trei ninazo mbili.